Mida Creek, Oktoba: Usiwatimue Ndege kwa Ajili ya Picha

Oktoba, kusi ikiwa imechoka na kaskazi bado haijaingia, ndio mwezi wa kwenda Mida Creek, hori la bahari karibu na Watamu, pwani ya Kenya, na kamera. Huko kaskazini mwa dunia baridi imeanza kuuma, na ndege wa matopeni wamekuja kwetu kwa makundi. Kuna chamchanga waliotoka Siberia, ndege wa gramu sitini hivi, mdomo umepinda chini kidogo. Kuna sululu. Na yupo yule mla kaa mweusi kwa mweupe, anayezaliana kwenye fukwe za Somalia, Omani na Ghuba, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu. Akiwinda hukimbia hatua chache, husimama kimya, kisha hudaka. Kaa mdogo humezwa mzima. Mkubwa hutikiswa mpaka miguu iachie.

Kinachoniudhi ni mtindo wa wapiga picha kuwakimbilia ndege ili waruke. Kundi likipaa, mbawa zote angani, picha inapendeza kweli, sikatai. Lakini maji yakijaa, matope yote yanafunikwa na ndege hawana pa kula. Wanajibana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki, wapumzike mpaka maji yapwe. Wengi ndio kwanza wamefika, wamekonda, na wanabadilisha manyoya ya mbawa. Ukiwatimua, wanaunguza mafuta wasiyokuwa nayo. Ukishapata picha yako, anakuja mwenzako naye anataka ya kwake.

Na wala hakuna haja. Angalia jedwali la maji kujaa na kupwa kabla hujatoka nyumbani. Pita daraja la kamba katikati ya mikoko, ukae ndani ya kibanda cha kutazamia wakati maji yanapanda. Yatawasogeza ndege taratibu upande wako, nao wakizoea kimya chako watakula mbele ya lenzi. Waongozaji wa pale Mida wanajua saa hizo kuliko programu yoyote ya simu.

Asubuhi, kabla ya maji, ingia msitu wa Arabuko-Sokoke, haupo mbali. Sange wa kiuno cha dhahabu, kamnyama kenye pua ndefu, atakupita mbio kwenye majani makavu. Picha zake nyingi ni za mkia, zoea. Bundi mdogo wa Sokoke hulala mchana kwenye vichaka, urefu wake haufiki hata futi moja. Mpige picha ukiwa mbali, bila flashi, uondoke. Wale wa kumchezea sauti yake kwenye spika ili ageuze uso, sina la kuwaambia ila waache.

Kiingilio cha daraja lipa bila kuteta. Kupitia mpango wa ASSETS, pesa hizo husaidia karo za sekondari za watoto wanaoishi kandokando ya msitu na hori. Mtu ameninginiza shingoni lenzi ya bei ya pikipiki, halafu anaomba apunguziwe. Mimi husogea pembeni, nisionekane tumekuja pamoja.