Usalama wa ndege muulizeni mpakia mizigo kwanza

Kampuni ya ndege ikitaka kujua wafanyakazi wanauonaje usalama kazini inagawa dodoso, watu wanajaza, wastani unatoka mzuri na mabosi wanafurahi. Mimi huo wastani siuamini. Unajumlisha rubani, fundi, mhudumu wa ndani na mpakia mizigo wakati hawa watu wanaishi kazi tofauti kabisa. Rubani akisema leo siruki, atasikilizwa, ila kijana wa mkataba akigusa ubavu wa ndege na gari la mizigo cha kwanza anachowaza ni hivi, nikisema, kesho nitakuwa na kazi kweli? Na lile bonyeo dogo aliloliacha linaweza kuruka na abiria bila fundi kuliangalia.

Machi 1989 pale Dryden, Kanada, ndege ya Air Ontario ilijaribu kupaa ikiwa na theluji kwenye mabawa, ikaanguka, watu 24 kati ya 69 wakafa. Mhudumu mmoja aliyenusurika aliiona ile theluji ila hakwenda kuwaambia marubani kwa sababu alishazoea kwamba marubani hawapokei vizuri maneno ya kiufundi kutoka kabini. Simlaumu hata kidogo, kazini kwao walishamfundisha kunyamaza bila hata kumwambia nyamaza.

Ndo maana bosi akijisifu kwamba idara yake haina ripoti za matatizo mimi naogopa. Marekani tangu 1976 ripoti za hiari za usalama wa ndege zinapokelewa na NASA (shirika la anga za juu), sio na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga yenye uwezo wa kuadhibu, na majina yanafutwa, maana walielewa kwamba mtu haongei na anayeweza kumnyang'anya leseni. (Uzembe wa makusudi au kulewa kazini hiyo ni habari nyingine, haulindwi.)

Halafu kuna hili la dakika, ndege ikichelewa lazima idara fulani iandikiwe kosa, sasa fundi anayetaka kuangalia tairi mara ya pili anaangaliwa kama mchawi huku ukutani kuna bango la usalama kwanza. Anaamini lipi? Na akiripoti kitu asijibiwe miezi mitatu, haandiki tena.

Toeni matokeo ya dodoso idara kwa idara, vibarua na watu wa mkataba wawemo, na kila aliyeripoti aambiwe ripoti yake imebadilisha nini, hata kama jibu ni bado.