Mwanajeshi mstaafu akope, au atumie kiinua mgongo?

Barazani Ngamiani, mjini Tanga, askari akistaafu shauri analopewa ni moja: una kiinua mgongo, utakopa ya nini? Shauri hilo lina mashiko. Pesa yako haina riba, hakuna wa kukukata pensheni, na Tanga haikosi waliobebewa kochi na televisheni na wakopeshaji wa kausha damu.

Ila linahesabu riba tu. Halihesabu ng'ombe akifa.

Ufugaji wa maziwa huwavutia wengi Tanga kwa kuwa wanunuzi wapo. Lakini mtamba mwenye mimba akinunuliwa leo, maziwa utayasubiri mpaka azae, na baadaye utaacha kumkamua kama siku 60 kabla ya kuzaa tena. Katikati kuna ugonjwa wa ndigana kali, unaoletwa na kupe. Mtamba asiyechanjwa, aliyezoea baridi ya nyanda za juu ambako kupe ni wachache, anaweza kuanguka wiki chache tu baada ya kushushwa kwenye gari. Aliyemaliza kiinua mgongo kwenye banda na mitamba minne hana cha kuanzia tena. Aliyekopa sehemu ya mtaji, pesa yake akaiweka kwenye hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, nayo inakulipa riba; unaanza na shilingi milioni 1), bado ana pa kushika.

Na mstaafu ana kitu ambacho mama ntilie hana: pensheni inayoingia kila mwezi. Benki zenye mikopo ya wastaafu huishika hiyo badala ya hati ya kiwanja. Marekani, sheria ya mwaka 1944 ya askari waliorudi vitani iliwawekea dhamana ya serikali ya hadi nusu ya mkopo, isiyozidi dola 2,000, wa nyumba, shamba au biashara. Hapa kwetu mstaafu anajidhamini kwa pensheni yake mwenyewe.

Sasa hesabu, maana wengi huumia hapa. Tuseme milioni 5, miezi 24, riba asilimia 17 kwa mwaka. Riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, rejesho ni kama 247,000 kwa mwezi, na riba yote kama 933,000. Asilimia ileile ikihesabiwa kwenye mkopo mzima mpaka mwisho, rejesho ni kama 279,000 na riba ni milioni 1.7. Bango ni moja, asilimia ni moja, tofauti inakaribia laki nane! Kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, tena kwenye mkopo mzima, riba inafika milioni 4.2. Huyo ndiye kausha damu, hata kama ana ofisi yenye kiyoyozi.

Kwa hiyo ile 933,000 ni bei ya kuiacha milioni 5 yako salama kwa miaka 2, na faida ya hatifungani inafidia sehemu yake. Ukihitaji pesa kabla hatifungani haijaiva, yaani muda wake haujafika, unaweza kuiuza, ingawa bei ya siku hiyo huenda isikufurahishe.

Wanaosema asikope wana haki kwenye machungwa ya Muheza. Miche ya kubebeshwa huchukua miaka 3 au 4 kabla ya mavuno ya maana, na makato ya benki hayasubiri maua. Shamba la namna hiyo lipandwe kwa pesa yako, kidogo kidogo.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ni ya vikundi: asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mzee aliyetoka jeshini mzima wa viungo hana mlango hapo, ila mkewe anao.

Kabla ya kutia sahihi, omba jedwali la marejesho lililochapwa, uone riba ya mwezi wa 12. Ikiwa sawa na ya mwezi wa kwanza, rudisha kalamu. Uliza pia kama bima ya mkopo inalipa deni lote mkopaji akifa, na inakoma akiwa na umri gani. Rejesho likizidi theluthi ya pensheni, punguza mitamba.