Tusomeeni kwanza, saini baadaye

Juzi asubuhi mama mdogo, hapa mtaa wa Langoni mjini Lamu, alimwaga birika zima la chai mtaroni. "Mai yana munyu, mwanangu," akaniambia, akateka tena, akaonja, akamwaga tena. Maji yenyewe ni ya mfereji, yatokayo visima vya Shela.

Mchana wake nikaenda mkutano wa kutoa maoni juu ya mpango wa tabianchi. Cha kwanza kupitishwa kilikuwa karatasi ya kuandika jina, namba ya simu na saini. Halafu kikaja kitabu kinene cha Kiingereza, nakala tatu, nasi tulikuwa watu kama hamsini. Mzee mmoja karibu yangu, mkata boriti za mikoko tangu ujanani, alikipekua mpaka akafika kwenye ramani. Akaiinamia, kidole kikifuata ukingo wa bahari, kisha akaninong'oneza: "Mkanda uko wapi hapa?" Nikautafuta, ule mkondo wa bahari baina ya kisiwa cha Manda na bara. Haukuandikwa.

Nimeghadhibika, na ghadhabu hii haijanitoka hadi leo. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 inataka wananchi washirikishwe. Katiba ya 2010 inataka hivyo hivyo. Na kama kuna watu Kenya nzima wanaojua uzito wa maneno hayo, ni sisi wa Lamu. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, megawati 1,050, ulifutiwa leseni Juni 2019 na Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira (National Environment Tribunal), na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria hiyo ya 2016 nayo ilitajwa kuwa haikuzingatiwa. Yaani tuliokolewa na haki ya kusikizwa. Leo wanaokuja kutukinga na tabianchi wanaipita haki ile ile mbio mbio, kwa sababu wao wamekuja na jambo la heri.

Sikatai, lina heri. Miche ya mikoko imo, na afisa aliyetusomea alijitahidi kutafsiri hapa na pale. Fedha nazo zina muda wake. Lakini ile miche itapandwa wapi? Mzee yule anajua mikoko ya mlilana hushika wapi na ya mkandaa hufia wapi. Hakuulizwa.

Na maji? Kitabuni niliona matangi. Vilima vya mchanga vya Shela sikuviona hata kwa mstari mmoja. Mvua ikinyesha huzama katika mchanga ule, maji matamu yakakaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Ukijenga juu ya mchanga, mvua hukosa pa kuzamia. Ukame na bahari inayopanda vinaongeza shida juu ya shida. Tangi halina kazi ikiwa kinachotiwa ndani ni munyu. Haya angeyasema mtu yeyote wa Shela, lau angeulizwa kwa lugha anayoiota usiku.

Mzee aliirudisha karatasi bila saini. Nami sikutia.

Rudini, tafadhali. Njooni baada ya laasiri, mkae nasi barazani, tusomeane kwa Kiswahili ukurasa baada ya ukurasa, na anayesema aandikwe alivyosema. Anzeni na ukurasa wa maji. Mama mdogo atakuwapo, na chai tutawapikia kwa maji hayo hayo.