Mfano ukikopiwa ukubali

Juzi jioni dogo mmoja ninayemfundisha Python, lugha ya kuandikia programu, alinipigia kutoka Ngamiani, sauti imekata tamaa kabisa, ananiambia kaka mi naona hii kitu siyo yangu, bora nikamsaidie mama dukani. Nikamwambia njoo kwanza. Kaja na laptop yake tukakaa barazani, kuangalia, kumbe amekwama kwenye mstari mmoja tu wa kuuliza saa ya sasa hivi, datetime.now(). Mwongozo wa laibrari (kodi iliyoandikwa tayari na wengine) aliokuwa anaufuata umeuweka huo mstari peke yake, juu yake hakuna kitu. Yeye akaongeza anachokijua, import datetime, yaani kuiita moduli, fungu la kodi, yenye jina hilo, ikagoma, eti moduli haina kitu kinaitwa now. Na kweli haina, maana kwenye Python moduli na klasi iliyo ndani yake zote zinaitwa datetime, na now iko kwenye klasi, kilichotakiwa ni from datetime import datetime, basi. Siku mbili zimeishia hapo, bando limeishia hapo, na bado anajiona yeye ndo mjinga.

Hapo ndo paliponiuma jamani. Aliyekaa ofisini na wenzake atageuka aulize, ila huyu wa Ngamiani yuko mwenyewe na hotspot ya simu, mwalimu wake ni huo mfano, sasa mfano ukiwa nusu na yeye anabaki nusu na hajui kama kosa siyo lake. Unayeandika mwongozo, hiyo mistari ya juu wewe unaijua kichwani, yeye ataitoa wapi?

Watasema mfano mfupi unasomeka. Haya, nakubali, hata mimi sipendi kupekua mistari 60 kutafuta mmoja. Lakini miongozo ya Rust, lugha nyingine ya programu, mtandaoni inaficha mistari ya ziada, pembeni kuna alama ya jicho, ukiigusa yote inatokea. Lugha ya Go nao, unaandika mfano na chini yake jibu linalotakiwa, lisipolingana testi inafeli kabla msomaji hajaumia. Python yenyewe ina doctest, kifaa cha kuijaribu mifano kama inafanya kazi, tangu toleo la 2.1, mwaka 2001! Kwa hiyo vifaa vipo, tena vya bure, kilichobaki ni kumjali anayesoma.

Tulivyoongeza ule mstari na saa ikatokea kwenye skrini, dogo alinyamaza kidogo halafu akauliza, sasa tarehe ya kesho naipataje? Tukaendelea mpaka saa nne usiku.

Mstari uliokosekana nimewatumia wenye laibrari. Nasubiri wauweke.