Mbele ya Jukwaa Palikuwa pa Aliyewahi

Kuna video inazunguka tangu wiki iliyopita. Sitaji ni ya tamasha gani, maana siku hizi karibu yote yako hivyo. Mwimbaji kafika kwenye kiitikio, kageuza maiki kuelekea kwa watu ili wamalizie. Kimya. Kamera inashuka, na pale chini ya jukwaa unaona meza zenye vitambaa vyeupe, viti vimevalishwa mashuka kama bibi harusi, na mabwana watatu wameligeuzia jukwaa mgongo wanazungumza mambo yao. Halafu kwa mbali, nyuma ya uzio, ndipo unasikia umati mzima ukiimba neno kwa neno.

Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Simu zilizoinuliwa juu nimeshazisamehe. Fataki, moshi, kamera zinazoruka angani, sawa tu. Hili la kuwauzia matajiri meza mbele ya jukwaa ndilo linalonishinda.

Wakati tunaanza kwenda kwenye matamasha ya uwanjani, kufika mbele hakukuwa na siri. Unawahi, basi. Tiketi yako ni ile ile ya kila mtu. Unasimama getini jua likiwa bado changa, geti likifunguliwa unakwenda ule mwendo ambao si kukimbia wala si kutembea, kwa kuwa mabaunsa wamekataza kukimbia, mpaka unaushika uzio wa chuma kwa mikono miwili. Umefika. Hutoki hapo hadi usiku. Tajiri akishuka kwenye gari lake saa tatu usiku, anakukuta. Anapenya kwa "samahani, samahani jamani", na anaishia pale samahani zake zinapoishia.

Na kule mbele kulikuwa na ujirani. Mtu usiyemjua hata jina unamwambia "nishikie nafasi", unaenda msalani, foleni inakuchelewesha, na ukirudi unaikuta nafasi yako, jirani ameshagombana na watu wawili kwa ajili yako. Warefu walikuwa na adabu zao: anageuka, anakupima kwa macho, anakuvuta mbele yake bila kuombwa. Baunsa aliyenuna tangu asubuhi, ikifika alasiri anapitisha maji juu ya uzio na kuuliza nani hajapata.

Lakini faida kubwa ya kuwahi ilikuwa bendi za mchana. Wale ambao jina lao limeandikwa chini kabisa ya bango, kwa herufi za kutafutia miwani. Ukishashika uzio huwezi kuondoka, utapoteza nafasi, kwa hiyo unawasikiliza upende usipende. Mwanzoni unawavumilia. Wimbo wa tatu unashangaa mbona kichwa kinatikisika chenyewe. Nakumbuka mchana mmoja mpiga besi alikosea pa kugeukia, akabaki peke yake kwenye noti isiyokuwepo. Mpiga ngoma akamtazama, wote wawili wakaangua kicheko, na badala ya kurudi kwenye wimbo wakaling'ang'ania lile kosa, wakalizungusha, gitaa likaingia, na sisi wachache tuliokuwa pale tukaanza kulipigia makofi. Nyota wa usiku ule aliimba vizuri sana, nadhani. Uso wa mpiga besi ndio nilioondoka nao.

Sasa weka meza pale. Waliolipia meza hawaji mchana, mchana kuna jua. Bendi changa inapanda, inatazama mbele, inaona viti vyeupe vitupu, safu kwa safu. Wale mia mbili tatu waliowahi, wenye hamu, walioweza kuwapa nguvu, wamezuiwa hatua hamsini nyuma ya meza hizo, na katikati kuna mhudumu mmoja anapanga bilauri. Kijana anayeanza muziki atajuaje kama anapendwa? Huyo ndiye tunayemuibia, kuliko hata sisi mashabiki. Nyota mkubwa atalipwa tu, apigiwe makofi asipigiwe. Mwenzake wa mchana kaja kutafuta watu, na watu wapo, ila wamefungiwa.

Nitaambiwa uzio ni usalama. Hapo nanyamaza kidogo, kwa shingo upande. Tarehe 30 Juni 2000, kwenye tamasha la Roskilde kule Denmark, watu tisa walikufa katika msongamano mbele ya jukwaa, bendi ya roki ya Pearl Jam ikiwa inapiga. Umati ukisukuma kutoka nyuma, uzito wote unaishia kwa walio mbele, na kinachoua zaidi ni kifua kubanwa hadi kishindwe kuvuta pumzi. Walio nyuma wala hawajui, wao wanasogea tu ili waone vizuri. Ndiyo maana eneo la mbele likaja kugawanywa kwa vizuizi, watu wakaingizwa kwa idadi. Uzio huo naukubali, na anayeubeza hajawahi kubanwa. Ila tazama Roskilde hao hao waliofiwa: kuingia sehemu ya mbele watu wanapanga foleni, anayewahi anaingia. Hakuna anayeuliza ule utepe wa tiketi uliofungwa mkononi mwako ni wa dhahabu au wa bluu. Kwa hiyo msitumie marehemu kuuzia meza.

Na fedha je? Haya, fedha. Wanaopenda kulisifia tamasha la Woodstock la Agosti 1969, kule Marekani, husahau sehemu hiyo. Tiketi ziliuzwa, uzio haukukamilika kwa wakati, watu wakajiingilia, zaidi ya 400,000 kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur huko Bethel, jimbo la New York. Mvua, matope, barabara zimeziba, na waandaaji wakabaki na madeni ya kutisha. Siombi hayo yarudi. Ila mpiga gitaa Jimi Hendrix, aliyekuwa wa kufunga, alipanda jukwaani Jumatatu asubuhi, wengi wakiwa wameshaondoka. Waliosogea karibu naye ni wale waliokubali kubaki. Hao nawaonea wivu mpaka leo.

Kinachonichekesha ni kwamba hao wa mezani wanauziwa sauti mbovu. Spika kubwa zinaning'inizwa pembeni mwa jukwaa na kuelekezwa uwanjani, si miguuni pa waliokaa katikati mbele kabisa. Pale unasikia ngoma na magitaa yanayotoka jukwaani moja kwa moja, na sauti ya mwimbaji inachungulia tu. Sauti safi iko karibu na fundi mitambo anayepanga sauti, katikati ya uwanja, kwa sababu masikio anayopangia ni yake. Ukirudi nyuma zaidi, mita 170 hivi, sauti kutoka jukwaani inakufikia ikiwa imechelewa nusu sekunde. Unaona fimbo imeshapiga ngoma, mlio bado uko njiani. Ndiyo kazi ya ile minara ya spika huko nyuma: sauti yake hucheleweshwa makusudi ili iendane na inayotoka mbele. Sisi tulibanana kule mbele kwa ajili ya kuona vidole vikitembea kwenye nyuzi. Wao vidole hawaviangalii.

Basi wajengewe roshani pembeni ya fundi mitambo. Wainuliwe kidogo, wawekewe feni, wapewe mhudumu, wachajiwe hata mara tatu ya bei ya sasa, na faida iwalipe vizuri bendi za mchana. Pale mbele parudishiwe foleni. Na tajiri anayependa kuona vidole, geti linafunguliwa asubuhi.