Hitilafu Imetokea, Jaribu Tena Baadaye

Jamani, mimi sina ugomvi na kompyuta kuharibika. Hata mimi goti huniuma. Lakini goti likiniuma najua ni goti. Kompyuta yetu ya sebuleni ikiugua, inanipa namba.

"Sasisho limeshindikana." Chini yake msimbo: sifuri, eksi, kisha mchanganyiko wa tarakimu na herufi usiotamkika hata ukiwa umetulia. Nikabofya palipoandikwa "Maelezo zaidi", maana mimi ni mtu wa maelezo zaidi. Nikaelezwa kwamba hitilafu imetokea wakati wa kusakinisha. Ahsante sana. Nilikuwepo.

Na haishindwi ikaisha, inashindwa kwa madaha. Inaanza asilimia 1, inapanda, inakupa moyo, inafika 98, inaganda. Juu yake amri: "Usizime kompyuta." Sawa, bosi. Nimekaa nyumbani kwangu, kwenye kiti changu, nangoja ruhusa ya kuzima kitu changu. Mwishowe inatangaza kwamba inarudisha mambo yalivyokuwa, na huko kurudi kunachukua muda kuliko kwenda.

Mama watoto akasema, "Si uizime uiwashe?" Nikamweleza kwa upole kwamba mambo haya yana undani wake. Nikampigia mpwa wangu, ambaye ni fundi wa ukoo mzima kwa sababu ndiye kijana pekee anayepokea simu.

"Shikamoo mjomba. Umeizima ukaiwasha?"

Mama watoto hakusema neno. Alikohoa tu.

Mpwa akaja, akaitazama ile mashine kwa huruma. "Mjomba, huenda diski imejaa. Au sasisho lilipakuliwa nusu likaharibika. Au antivairasi mbili zinagombana. Au kuna programu hasidi inazuia masasisho yasiingie." Katika orodha yote hiyo nilisikia la mwisho peke yake. Nikamuuliza kama kweli virusi vina akili kiasi hicho, na hapo ndipo nilipouharibu usingizi wangu mwenyewe.

Akanisimulia habari za Conficker, mnyoo wa kompyuta, yaani programu hasidi inayojisambaza yenyewe. Oktoba 2008 Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu kwenye Windows. Novemba mnyoo huo ukaanza kupitia tundu lilelile kwenye kompyuta za watu waliokuwa hawajasasisha. Ukishaingia, unazima huduma ya masasisho na kuzuia tovuti za kampuni za antivairasi, ili usipate dawa wala pa kuiulizia. Nyingine, akasema, huchezea faili linaloitwa hosts. Ni faili dogo la maandishi ambamo kompyuta huangalia anwani kabla ya kuuliza intaneti. Programu hasidi inaandika humo kwamba seva ya masasisho, yaani ile kompyuta ya mbali inayoyagawa, iko 127.0.0.1, na hiyo ni anwani ambayo kila kompyuta hujiita yenyewe. Basi ikitaka sasisho inajipigia hodi. Kimya. Inapiga tena. Kimya. Halafu inakuja kunipa mimi msimbo.

Faili letu lilikuwa safi. Nikaanza kupumua, na ndipo king'ora kilipolia. Dirisha jekundu likajaa skrini nzima: KOMPYUTA YAKO INA VIRUSI 13. USIIZIME. PIGA NAMBA HII BILA MALIPO, MAFUNDI WETU WAKO TAYARI SAA 24.

Sasa niambieni ukweli. Huo ndio ujumbe! Tatizo limetajwa, idadi imetolewa, namba ya simu ipo, na kuna binadamu anayenisubiri hata saa nane za usiku. Msimbo hakuna. Mkono ulikuwa tayari kwenye simu.

"Mjomba, iweke chini hiyo. Kampuni ya kweli haiweki namba ya simu kwenye ujumbe wa hitilafu. Ukiwapigia watataka uwaachie waiendeshe kompyuta kutoka huko waliko, kisha wakuuzie tiba ya ugonjwa ambao huna."

Akaiwasha katika hali salama, ile inayopakia vitu vya lazima tu, akaanza kuwinda. Mhalifu akapatikana: kijiprogramu kilichoingia kwa mgongo wa programu ya bure ya kugeuza PDF, kwenye kile kisanduku ambacho hukikuta kimeshawekewa alama ya kukubali. Nikauliza ni nani aliyesakinisha. Watoto wote wakakumbuka kwa mpigo kwamba wana kazi za shule.

Tukakifuta, tukaskani kuanzia kabla mfumo haujaamka, safi kabisa. Tukajaribu sasisho. Likashindikana. Namba ileile, heshima ileile.

Mpwa akakodolea macho kona ya skrini. "Mjomba, kwenu ni mwaka gani?"

Kompyuta iliamini tuko mwaka 2009. Kumbe kwenye ubao mama, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, kuna betri bapa ya volti 3, CR2032, inayotunza saa wakati umeme umekatwa, na yetu ilikuwa imekufa. Sisi huchomoa waya kila usiku, kwa hiyo kila asubuhi mashine iliamka enzi zile. Seva za masasisho na tovuti zote za heshima hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikitazama cheti, inaona hakijaanza kutumika, inakata mawasiliano. Imewakatalia waungwana wote mlangoni. Yule wa king'ora hakuulizwa cheti, alikuwa ameshaingia.

Na katika misimbo yote ile, hakuna mahali palipoandikwa "Mzee, rekebisha saa."

Betri ikabadilishwa, saa ikawekwa sawa, sasisho likapita 98 bila hata kupunguza mwendo. Nikamwita mama watoto aje ashuhudie. Akasimama mbele ya skrini, mikono kiunoni, akasoma: "Usizime kompyuta. Inasanidi vipengele, 1 kati ya 3."

"Na yule mwenye namba ya simu?" akauliza.

"Tumemfuta."

"Mngemwacha. Humo ndani ndiye pekee aliyekuwa anaeleweka."