Bolti Moja, Jumamosi Nzima

Imetoka. Ilianza kutoka saa mbili asubuhi, sasa ni saa kumi na moja jioni, nayo imelala mbele yangu katika vipande vitatu, huku mimi nikiwa nimeketi juu ya tairi la akiba na kidole gumba kimefungwa kitambaa ambacho asubuhi kilikuwa cha kufutia oili. Naomba, kwa heshima zote, mtu yeyote asije leo kuniuliza gari litakwisha lini.

Gari lenyewe sitalitaja jina, wala sitaitaja kampuni iliyoliunda, maana mgonjwa hutunziwa siri yake. Itoshe kusema kwamba ni gari la kupanda milima, la mwaka 1974, na kwamba huu ni mwaka wa tatu wa ukarabati ambao niliahidi mbele ya watu kuwa ungechukua miezi sita. Wenzangu wenye maradhi haya wanajua hesabu ya miezi sita hupatikana vipi. Uliona rangi imebanduka, ukasema ni rangi tu. Ulipoikwangua ukakuta kutu, ukasema ni ya juu juu. Ulipoigusa kwa bisibisi, bisibisi ikazama hadi mpini, na tangu siku hiyo unaitazama ardhi kupitia sakafu.

Swali la kama inafaa kulihangaikia gari la namna hii nimelijibu mara nyingi kwa hotuba. Huanza na Jeep za vita za mwaka 1941, nikapita Amsterdam, ambako tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza ikiwa na bodi ya aluminiamu kwa sababu Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma, kisha nikafika kileleni kwa Toyota BJ, ambayo mwaka 1951 dereva wa majaribio aliipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Kufikia hapo mgeni huwa ameguswa, naye huligeukia gari langu kwa macho ya heshima na kuuliza limewahi kupanda nini. Langu limepanda magogo manne, na halijashuka.

Turudi kwenye bolti. Hupita katika jicho la springi, yaani tundu la duara kwenye ncha yake, na ndani ya jicho hilo mna bushi ya mpira yenye bomba dogo la chuma katikati. Aliyebuni mpangilio huu alikusudia bolti ilibane bomba, nao mpira ujipinde kidogo kila gurudumu linapoingia shimoni, hivyo pasiwe na chuma kinachosuguana na chuma wala haja ya kutia grisi. Ni wazo la mtu mwenye akili timamu, ila hakulifikiria kwa nusu karne ya matope. Maji huingia kati ya bolti na bomba, kutu huota, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, viwili hivyo huvimba katika chumba kimoja hadi vinakuwa kitu kimoja.

Nati ilifunguka bila ubishi, jambo ambalo lingepaswa kunitia shaka. Nikatia spana kwenye kichwa cha bolti, nikavuta, nayo ikazunguka robo. Nilimwita mke wangu aje aone, kwa kuwa katika nyumba yetu ushindi wa aina hii si wa kila mwezi. Nikaiondoa spana ili niishike upya, na bolti, kwa utulivu wa mtu anayerejea kitini pake, ikarudi robo ileile. Nikaivuta tena, ikaenda, nikaiachia, ikarudi.

"Baba watoto, mbona inarudi?" akauliza.

"Inalegea," nikamjibu.

Ilinichukua nusu saa kutambua kwamba sikuwa nafungua chochote, bali nilikuwa naukanda mpira. Bolti na bomba vilikuwa vimeshikana, mpira ukajipinda navyo, na nilipoachia ukajinyoosha. Nikamimina mafuta ya kulainisha kutu, nikasubiri kama kopo lilivyoelekeza, nikamimina mengine, kisha nikachukua nyundo. Nyundo ndiyo iliyokipata kidole, lakini kabla ya kidole iliipata ncha ya bolti na kuisambaza kama kichwa cha uyoga, kiasi kwamba hata nati isingeweza tena kurudishwa. Bolti ikawa haitoki, na haifai kubaki.

Hapo nikamwita fundi wa kuchomelea, kijana mpole ambaye kwa miaka hii mitatu amekuwa akinihudumia kwa subira ya muuguzi. Akaingia chini ya gari, akakaa kimya kitambo.

"Mzee, hii ulianza kuifungua lini?"

"Saa mbili."

"Za leo?"

Sikumjibu. Akasema dawa yake ni moto. Akaandaa mitungi ya gesi, akavaa miwani, akaiwasha tochi ya kuchomelea, kisha akainua miwani taratibu.

"Mzee, tangi la mafuta liko upande gani?"

"Upande huohuo, lakini halina kitu."

Akaizima tochi, akaanza kunieleza, kwa sauti mtu anayoitumia kwa wazazi wake, kwamba tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke na tangi tupu limejaa mvuke. Kwa hiyo tukalishusha tangi, ambalo limefungwa kwa bolti nne. Tatu zilikatika. Ya nne ilifunguka vizuri, nami nimeihifadhi kama kumbukumbu.

Moto ulipowaka, mpira ulianza kulia, kisha ukatoa moshi mweusi mzito ambao haukupanda juu kama moshi wa watu wastaarabu bali ulitambaa, ukapinda kona ya nyumba na kwenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo. Nguo zilikuwa kambani. Jirani alitokea akiwa na ndoo ya maji, akamkuta mtu mzima amelala chali chini ya gari akiusihi mpira uungue haraka, akaiweka ndoo chini na kuondoka bila kusema neno. Mpira ukaungua wote. Tukagonga, tukavuta, tukatukana kwa adabu. Bolti ilikuwa sasa inazunguka kwa uhuru kamili pamoja na bomba lake, wala haisogei mbele wala nyuma.

Mwisho ulikuwa msumeno. Mashine ya kukatia chuma haikufika kwa sababu chasi imeikumbatia bolti pande zote, kwa hiyo tulitumia utepe wa msumeno uliozungushiwa kitambaa, kwa mkono, tukipokezana, tukikata upande mmoja wa bushi na kisha upande wa pili, katika nafasi inayoruhusu mwendo wa urefu wa kidole. Bolti hizi ni za chuma kigumu kilichoundwa makusudi kisikatike. Tumemaliza tepe tano.

Sasa tufanye hesabu, maana mimi si mtu wa jazba. Kila springi ina bolti tatu, na springi ni nne, jumla kumi na mbili. Imetoka moja. Hapo sijahesabu waya, ambazo kiwandani zilikuwa na rangi tofauti tofauti na sasa zote ni kahawia. Sijahesabu milango, ambayo aluminiamu yake imegeuka unga mweupe kila mahali ilipogusana na chuma penye unyevu. Sijahesabu vipimo, kwa kuwa bolti ya inchi tano kwa nane ni milimita 15.875, hivyo spana ya 16 huikaa vizuri kabisa hadi pale unapotia nguvu, ndipo unapogundua umekitengeneza kichwa cha duara. Wala sijahesabu wapita njia, ambao kila mmoja husimama, huweka mikono nyuma, na kuniambia kwamba baba yake alikuwa nalo kama hili, akaliuza.

Aliliuza! Hakuna hata mmoja ambaye baba yake alilikarabati hadi mwisho. Miaka mitatu nasikiliza habari za wazee wenye busara waliouza, nami nimelala chini ya hili dude nikila kutu kwa macho, nikinunua bushi ambazo zinakuja za mfano mwingine, nikirudisha, zinakuja tena zilezile! Kwa saa nilizotumia kukwangua chasi peke yake ningeweza kujifunza udaktari. Watu husema magari haya ni mazuri kwa sababu mtu yeyote anaweza kuyatengeneza mwenyewe kwa spana na nyundo. Ni kweli. Mtu huyo nimemtazama kwenye kioo mchana huu, hakuwa na nyusi ya kulia.

Fundi, ambaye nadhani aliniona nikizungumza na tairi, alishauri tujaribu ya upande wa pili kabla giza halijaingia, ili walau niondoke na moyo. Hiyo ni springi niliyoibadilisha kwa mkono wangu miaka minne iliyopita, gari likiwa bado linatembea, kazi ambayo niliisimulia sana. Akaweka spana, akagusa, bolti ikazunguka. Akaweka spana kando, akaitoa kwa vidole viwili, ikang'aa kama iliyotoka dukani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilicheka.

"Safi sana, Mzee," akasema. "Nati yake umeiweka wapi?"

Nikamwambia upande huo sijaugusa leo.

Akaichungulia ile bolti, akanitazama, akaanza kukusanya mitungi yake. Wiki chache tu kabla gari halijapanda magogo niliteremka nalo mlima mzima wenye kona, mke wangu mbele, watoto nyuma, na mama mkwe katikati yao akisifu jinsi lilivyotulia barabarani.

Nina kopo. Kila ninapounganisha kitu hubaki nati mbili tatu, nami huzihifadhi humo, nikiamini viwandani huweka za ziada. Nimelimwaga kopo hilo juu ya gunia na ninazijaribu moja moja kwenye bolti. Mke wangu amesimama mlangoni na nguo za kufua upya, anauliza ya pili imetokaje. Nimemwambia imetoka vizuri. Nati ya tatu imeingia kwa vidole hadi mwisho.